Maswali ya Wafugaji: Karafuu, siki na "dawa za kukuza" kwa kuku wa nyama

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kitiwe nini kwenye chakula au maji ya kuku wa nyama ili wakue upesi na wasife. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, Unguja na Pemba. Mkumbuke jambo hili mnaposoma: kiongezi hupimwa kwa gramu, na kila kimoja hurekebisha kasoro maalumu tu ya chakula au maji. Chakula chenye upungufu wa protini hakiponyeshwi na unga wa aina yoyote.

Assalaam alaykum. Nina kuku wa nyama 200. Karafuu tunazo nyumbani, nikaanza kuzisaga na kuwatilia kwenye chakula vijiko viwili vikubwa kwa kila kilo, ili niepuke dawa za dukani. Sasa wanakula kidogo na chakula kinabaki. Ina maana karafuu haziwafai kuku? — Mfugaji, Wete

Waalaykum salaam. Zinawafaa, ila kipimo kimezidi sana. Kijiko kikubwa cha karafuu zilizosagwa kina gramu sita hadi saba, kwa hiyo unatia gramu 12 hadi 14 kwa kilo. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ile inayotia ulimi ganzi ukiitafuna. Piga hesabu: kila kilo ya chakula chako ina miligramu 1,800 hadi 2,800 za mafuta ya karafuu. Majaribio mengi ya kuku wa nyama yametumia miligramu mia chache tu kwa kilo. Kuku wako wanakikimbia chakula kwa ukali wake, na kuku asiyekula hakui, hata ukimpa nini.

Wape chakula kitupu kwa siku tatu mpaka warudie kula vizuri. Kisha tia gramu 1 kwa kilo, yaani gramu 50 kwa mfuko wa kilo 50. Ikipita wiki na chakula hakibaki, unaweza kufika gramu 2. Usizidishe hapo. Vifaranga wa wiki ya kwanza usiwatilie kabisa. Wao ndiyo kwanza wanajifunza kula, na harufu kali huwafukuza kwenye sahani. Saga karafuu za kutosha wiki moja tu, uchekeche kwa chekeche ya unga, na uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana. Harufu hiyo ndiyo dawa yenyewe; ikishatoka umebakiwa na nyuzi. Karafuu zilizoota ukungu ukiwapa unawaongezea sumu.

Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo yanafaa na ni rahisi kuliko karafuu, ila mafuta yake ni machache, karibu theluthi moja ya yale ya karafuu yenyewe, na nyuzi ni nyingi. Gramu 3 hadi 5 kwa kilo zinatosha. Mafuta safi ya karafuu au ya makonyo usiyamimine kwenye maji ya kuku. Hayachanganyiki na maji, yanaelea juu, na kuku wa mwanzo kuja kunywa hupata yote na kuungua koo.

Usitarajie muujiza. Yujenoli hutoboa utando wa bakteria, na ndani ya chupa ya maabara inaua vizuri sana. Ndani ya kuku mambo ni mengine: sehemu kubwa hufyonzwa mapema, kabla haijafika kwenye utumbo wa chini ambako bakteria wabaya hukaa. Kwa sababu hiyo viwanda huyafunika mafuta haya kwa tabaka la mafuta magumu yanayoyeyuka taratibu. Matokeo ya majaribio pia yanapishana. Penye banda chafu na msongamano tofauti huonekana, penye banda safi mara nyingi haionekani. Na karafuu haizuii virusi. Chanjo ya kideri na ya Gumboro zibaki pale pale kwenye ratiba yako.

Na manjano, thomu, habasoda, mwarobaini? — Wasomaji kadhaa

Kwa ufupi. Manjano gramu 5 kwa kilo, kavu, ukanunue vidole vyake usage mwenyewe. Thomu iliyokaushwa na kusagwa, gramu 5 kwa kilo; mbichi iliyopondwa itumike papo hapo kwa sababu nguvu yake hupotea haraka. Habasoda gramu 10 kwa kilo imefanyiwa majaribio mengi na mara kadhaa imeonesha faida, lakini bei yake mara nyingi inakula faida hiyo. Mwarobaini tuache: uchungu wake unapunguza kula. Majani ya mlonge ni chakula hasa, yana protini. Yakaushwe kivulini na yasizidi asilimia 5 ya mchanganyiko. Usitie vyote kwa pamoja. Kuku wakifanya vizuri au vibaya hutajua kipi kimesababisha.

Jirani yangu huwapa kuku wake oksitetrasaiklini, ile antibayotiki, kwenye maji tangu siku ya kwanza mpaka siku ya kuuza, na anasema ndiyo siri ya kukuza. Na wateja wangu wananiuliza kama tunawachoma homoni. Nifuate lipi? — Mfugaji mpya, Fuoni

Tuanze na homoni, maana jibu lake ni fupi. Hakuna mfugaji wa kuku wa nyama anayechoma homoni. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiilisha, tumbo linaimeng'enya kama nyama nyingine yoyote, na kuchoma sindano kuku mmoja mmoja kila siku hakulipi. Kuku hawa wanakua kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi kwa vizazi na chakula kilichokolea. Waambie wateja wako hivyo bila kusita.

Habari ya jirani ni nzito zaidi. Mnamo miaka ya 1940 ilionekana Marekani kwamba dozi ndogo za antibayotiki kwenye chakula zinafanya kuku wakue haraka zaidi. Dunia ikaiga. Uswidi ikapiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku tarehe 1 Januari 2006, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likashauri wanyama wasio wagonjwa wasipewe antibayotiki kwa ajili ya kukuza wala kukinga magonjwa. Sababu ni kwamba dozi ndogo ya muda mrefu huua bakteria dhaifu na kuwabakisha sugu, na hao sugu hawabaki bandani. Wanatoka kwenye kinyesi, kwenye mikono ya anayechinja, kwenye ubao wa jikoni. Siku mtoto wa mtaa huo anapougua, dawa iliyokuwa ikimponya haifanyi kazi tena.

Jirani yako anapata hasara nyingine asiyoiona. Oksitetrasaiklini hujifunga na kalisi, na maji yetu ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe yamejaa kalisi. Sehemu nzuri ya dawa anayoinunua inapita tu na kutoka na kinyesi.

Kuku wakiumwa kweli, mwite daktari wa mifugo, utoe dozi kamili kwa siku zote zilizoandikwa, kisha usubiri. Kila lebo ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Unataka kuuza siku ya 38 na lebo inasema siku 7? Dozi ya mwisho iishe siku ya 31. Zikigongana, sogeza siku ya kuuza. Wanaokula kuku hao ni watu waliokuamini.

Ninafuga Jambiani. Chakula nachanganya mwenyewe kwa pumba, soya, dagaa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), na nimeongeza mwani uliosagwa kwa sababu nimesikia una madini. Maranda yanarowa kila siku, kuku wanaharisha maji, na wawili wamekufa matumbo yakiwa yamejaa maji. Nimeshawapa dawa ya kuhara bila mafanikio. — Mama mfugaji, Jambiani

Pole, dada yetu. Dalili zote ulizoandika zinaelekea kwenye chumvi, na tunaona inaingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni dagaa. Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kuku wa nyama anahitaji chumvi karibu gramu 3 kwa kila kilo ya chakula, kutoka kila upande. Ukitumia dagaa wenye chumvi asilimia 10 kwa kiwango cha asilimia 10 ya mchanganyiko, dagaa peke yao wameshaleta gramu 10 kwa kilo. Hiyo ni zaidi ya mara tatu, na bado hujatia chumvi ya mezani ambayo fomula nyingi zinaitaja. Futa chumvi hiyo kwenye fomula leo hii. Tafuta dagaa walioanikwa juani bila kuchemshwa kwa chumvi, na kama hawapatikani, shusha dagaa hadi asilimia 3 au 4 na uzibe pengo la protini kwa soya iliyochomwa vizuri.

Mlango wa pili ni kisima. Pwani ya mashariki maji ya bahari huingia kwenye visima, hasa kiangazi na penye visima vingi vya kuvutwa kwa pampu. Pima maji kwa kile kipimo kidogo cha umeme kinachosoma jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Chini ya miligramu 1,000 kwa lita hakuna neno. Kati ya 1,000 na 3,000 kinyesi huwa chepesi. Kuanzia 3,000 kwenda juu hayafai kuku, na vifaranga ndio wanaoathirika mwanzo kwa sababu figo zao bado changa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi ndiyo bora kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo unaweza kuchanganya nusu kwa nusu na ya kisima, kisha upime tena.

Mlango wa tatu ni huo mwani. Ni kweli una madini, lakini madini hayo kwa sehemu kubwa ni chumvi za sodiamu na potasiamu. Majivu yake yanaweza kufika theluthi moja ya uzito mkavu au zaidi. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni ute ambao tumbo la kuku haliwezi kuumeng'enya, na ute huo unashika maji na kulowesha kinyesi. Mwani unaweza kuwa kiongezi, hatuukatai: uoshwe kwa maji baridi mara mbili, ukaushwe mpaka ukatike kwa mkono, usagwe, utiwe gramu 5 hadi 10 kwa kilo. Lakini hiyo ni kwa mwenye maji matamu. Kwako wewe utoe kabisa.

Baada ya kusahihisha haya, ondoa maranda yote yaliyorowa. Ukiyaacha, unyevu huo utakuletea koksidia, kimelea cha utumbo kinachosababisha kuhara damu, na hapo utakuwa na ugonjwa wa kweli.

Siki kwenye maji ni kiasi gani? Na naweza kutumia pamoja na probayotiki? — Mfugaji, Mwera

Hatukupi kipimo kimoja, kwa sababu maji hayafanani. Maji ya mawe ya matumbawe yana chokaa inayoikata nguvu siki. Mililita 5 kwa lita zinaweza kutosha kwa maji ya mvua na zisifanye lolote kwa maji ya kisima. Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kiasi cha asidi kwenye maji; namba ikishuka asidi imezidi. Chukua ndoo ya lita 10, tia mililita 20 za siki nyeupe ya asilimia 5, koroga, pima. Ongeza 20 nyingine, pima tena, mpaka ufike kati ya 5 na 6. Andika idadi hiyo, ndiyo kipimo cha kisima chako. Ikishuka chini ya 4 kuku hupunguza kunywa, na kwenye joto la kaskazi kuku asiyekunywa hufa siku hiyo hiyo.

Asidi husaidia kwa njia mbili: inawazuia bakteria kama wa salmonela kuzaliana ndani ya maji na kwenye gole, ule mfuko wa chakula shingoni mwa kuku, na inasaidia umeng'enyaji wa protini kwa vifaranga ambao tumbo lao bado halitoi asidi ya kutosha. Inafaa siku 5 za mwanzo na siku za kubadilisha chakula. Vyombo vya bati vitapata kutu. Penye mabomba ya chuchu, utelezi wa zamani utabanduka na kuziba, kwa hiyo yasafishe kwanza. Na mtu anayetia siki pamoja na soda ya kuokea anaziua zote mbili.

Probayotiki ni bakteria hai, wale wazuri wa utumbo. Klorini inawaua, antibayotiki inawaua, na wale wa maziwa, laktobasili, joto la duka lenye paa la bati linawaua kabla hujanunua. Wale wa jamii ya basili wana mbegu ngumu inayostahimili joto, na kwa hali yetu ya hewa tunawapendelea hao. Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke. Wape siku moja na mbili za maisha, wakati utumbo bado mtupu na wa kwanza kufika ndiye anayekalia nafasi, na uwape tena baada ya kumaliza dozi ya antibayotiki. Siki laini haiwasumbui.

Onyo kubwa ni la chanjo. Siki na klorini zote huua chanjo ya kwenye maji. Acha saa 24 kabla na saa 24 baada. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, dakika 20 kabla ya chanjo yenyewe.

Mfuko wa chakula tulionunua umeandikwa una salinomaisini, dawa ya kukinga koksidia. Kuku wameanza kuhara damu. Tuwape amproliamu, dawa ya kutibu koksidia, juu yake? Na chakula kilichobaki tunaweza kumpa punda? — Vijana wa kikundi, Mkokotoni

Punda asiguse hata kiganja kimoja. Tunaandika kwa msisitizo kwa sababu gari za punda na mabanda ya kuku mara nyingi huwa ua mmoja. Salinomaisini na ndugu yake monensini ni salama kwa kuku wa nyama kwa kipimo chake, lakini kwa farasi na punda huharibu misuli ya moyo, na dozi ndogo tu inatosha kuua. Hakuna dawa ya kuitibu. Mifuko ifungwe, na iliyomwagika ifagiliwe. Bata mzinga nao wasipewe. Hata kuku wenyewe hudhurika wakipewa tiamulini, dawa ya mafua makali, wakati wanakula salinomaisini; kama daktari anawaandikia, mwoneshe mfuko kwanza.

Amproliamu mnaweza kutoa. Kwa unga wa asilimia 20, gramu 0.6 kwa lita ndiyo dozi ya kawaida, na penye damu nyingi gramu 1.2 kwa siku 3 hadi 5, kwa kufuata lebo yenu. Msiwape vitamini za kundi B wakati huo huo. Amproliamu hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1. Mkiwapa vitamini hiyo mnamlisha yeye. Baada ya dozi kwisha, ndipo vitamini.

Swali lililobaki ni kwa nini wameharisha damu wakiwa na kinga kwenye chakula. Mara nyingi ni moja kati ya haya: mmechanganya chakula hicho na pumba ili kitoshe, kwa hiyo dawa imepungua nguvu, au maranda yamerowa kuzunguka vyombo vya maji kiasi kwamba mayai ya kimelea yanayoliwa ni mengi mno. Shikeni maranda mkononi na mkamue. Yakibaki donge, yatoeni.

Nimenunua kiongezi cha vimeng'enya, gramu 25 kwa kilo 50. Nachanganyaje kwa mkono, na nitajuaje kama pesa yangu imerudi? — Mfugaji, Chake Chake

Swali zuri kuliko yote tuliyopokea. Gramu 25 ukizirusha juu ya kilo 50 na kupiga koleo, kuku kumi watapata dozi ya mia. Pima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Changanya na nusu kilo ya unga wa mahindi ndani ya mfuko uliofungwa, utikise dakika tano. Changanya hiyo na kilo 5 za chakula kwenye beseni. Kisha tandaza kilo zilizobaki juu ya turubai, mwaga hizo 5 juu yake, na hamisha rundo zima kutoka upande huu kwenda ule mara tano. Vimeng'enya vingi haviwezi moto, kwa hiyo kama unawapikia uji vifaranga, vimekwisha. Tumia ndani ya wiki nne. Unyevu wa hewa yetu hauvingoji. Na usome lebo ni kimeng'enya gani. Fitasi inafungua fosforasi iliyofungwa kwenye pumba na soya, kwa hiyo faida yake unaipata pale tu unapopunguza DCP (unga wa madini wa kuongeza fosforasi na kalisi) kwenye fomula. Ukiiacha DCP kama ilivyokuwa, umelipia kitu kimoja mara mbili.

Kujua kama imerudi, gawa banda mara mbili, kuku 50 huku na 50 kule, wa kundi moja na siku moja. Upande mmoja upate kiongezi, mwingine usipate, mengine yote sawa. Kila upande uwe na mfuko wake uliopimwa. Pima uzito wa kuku kila wiki asubuhi kabla ya kula, na waliokufa wapime pia. Mwisho gawa kilo za chakula kilicholiwa kwa kilo za uzito ulioongezeka; huo ndio uwiano wako, na ukiwa mdogo ndiyo bora. Kuku 50 ni wachache, na upande mmoja huenda unapata upepo zaidi, kwa hiyo rudia makundi matatu na ubadilishe pande.

Mfano wa hesabu: uwiano ukishuka kutoka 1.80 hadi 1.75 kwa kuku wa kilo 2, umeokoa gramu 100 za chakula kwa kila kuku, kilo 10 kwa kuku 100. Linganisha bei ya kilo 10 za chakula na bei ya kiongezi walichokula kuku hao 100. Bei ya kiongezi ikizidi, usikinunue tena, hata muuzaji akisema nini.